Mpini

Kazi hii ina mistari kumi na minne.
Aliiandika Murhula kabla hajahamia Kampala,
akaiita hesabu_2, akafunga kompyuta, akaenda kula.
Miaka minne imepiga hesabu ya madeni ya sambaza
bila kuulizwa ni mtoto wa nani.
Programu yetu iliijua
kama mkono unavyoijua swichi gizani.

Sasa amekuja wakala.
Hana mkono, hana giza.
Ana maneno tu, na haraka ya mgeni
aliyeshuka kwenye boti ya Goma alfajiri,
anauliza njia huku anatembea.
Mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Huyu wanataka nimpe leo,
na jembe lenyewe ni chuma kitupu.

Basi nachonga mpini.
Saa nne usiku, Nguba, umeme umeenda zake,
betri asilimia thelathini na moja.
Juu ya mistari ya Murhula naandika
Kiswahili cha kumtuma mtoto dukani:
Zana hii inahesabu deni la mama mmoja, siku moja.
Ipe jina lake na idadi ya makopo aliyochukua.
Makopo. Si kilo.

Hilo "si kilo" limetokana na aibu.
Jumatatu wakala aliona neno "kiasi", akakisia,
akamwandikia Mama Nabintu wa Kadutu
kwamba anadaiwa sambaza wa kujaza kanisa.
Mama akapiga simu. Hakutukana.
Aliuliza tu, taratibu, kama anayepima unga:
"Nsimire, huyo mtu wenu mpya,
amewahi kushika kopo?"

Hajawahi.
Na neno "kiasi" nilimwachia mimi.

Nikashuka mstari kwa mstari, nikieleza
hata yale niliyodhani yanajieleza.
Mstari wa tisa ukanisimamisha:
saa za giza zikizidi sita,
toa mia tano kwenye deni.
Hapana maelezo. Hapana tarehe.
Nikamwandikia Murhula. Amejibu kwa sauti,
pikipiki za Kampala zikinguruma nyuma yake:
"Barafu ikiyeyuka, sambaza wanalegea,
wale mama wanauza kwa hasara.
Sikuomba ruhusa kwa mtu.
Wee, usimwambie bosi."

Miaka minne!
Huruma imelala kwenye mstari wa tisa
kama mlinzi wa usiku asiye kwenye orodha ya mishahara,
na kila asubuhi geti tunalikuta limefungwa.

Nifanyeje?
Nikinyamaza, wakala,
mwaminifu kama karani wa wiki ya kwanza,
ataona franga mia tano zimepungua,
atazirudisha mahali pake, ataomba radhi.
Nikisema, atamwambia yeyote atakayeuliza.
Hajui kukonyeza jicho.
Zamani kazi ilikuwa na tumbo, ikaficha humo.
Zana haina tumbo. Ina mdomo
ambao mimi ndiye naushona, neno kwa neno,
betri asilimia tisa.

Kwanza nalibadilisha jina: deni_la_siku.
Mtu akiitwa hesabu_2 hawezi kuitika vizuri.
Kisha naandika, nafuta, naandika tena:

Umeme ukikosekana zaidi ya saa sita,
zana inapunguza franga mia tano,
kwa sababu barafu huyeyuka
na hasara isiwe ya mama peke yake.
Si kosa. Usirekebishe.

Nimejaribu mara moja. Wakala amesoma,
ameita zana kwa jina lake, ameomba makopo,
amepewa saba, hakuyageuza kuwa kilo.
Jana umeme ulikatika saa nane nzima.
Amepunguza mia tano
na ametaja sababu, yote, wazi,
kwa herufi nyeusi zisizo na wasiwasi.

Skrini inafifia.
Asubuhi bosi atafungua hapa hapa.
Naye anajua kusoma.